Siku Mdogo Wangu Alipoulizwa

Watu wa Bagamoyo walimwita mdogo wangu bubu, na mimi utotoni niligombana na wengi kwa sababu ya neno hilo. Kiziwi alikuwa, sikatai. Lakini bubu ni mtu asiyesema, na yule mtoto alikuwa msemaji kutushinda sote. Alisema tangu alfajiri, alisema akioga, alisema na tonge mkononi mpaka mchuzi ukaturukia, na mama akalazimika kumkamata mikono yote miwili ili ale. Watoto wengine huambiwa wanyamaze wale. Yeye alishikwa mikono. Alichukia sana, akamkodolea mama macho, na hayo macho nayo yalikuwa yanatoa maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa.

Ukiziwi ulimpata kabla hajaanza kutamka. Ilikuwa miaka ya vita vikuu vya pili, wakati kanga mpya zilipokuwa adimu na sukari tukiigombania. Alishikwa na homa, homa ikafuatiwa na degedege, na alipopona akawa haitiki akiitwa. Bibi yetu ndiye aliyegundua. Sinia la shaba lilimponyoka nyuma ya mgongo wa mtoto, sisi sote tukaruka, yeye akaendelea kuchota mchanga na kifuu chake. Wakaja walimu wa Kurani wakamwandikia kombe, aya za zafarani kwenye sahani, zikaoshwa kwa maji, akanyweshwa. Akatiwa mafuta ya habasoda masikioni, akavishwa hirizi mbili, moja shingoni na moja mkononi. Baba akampeleka hospitali Dar es Salaam, na daktari akasema mishipa ya kusikia imeharibika na hana dawa yake. Baba alirudi akatuambia hayo kwa maneno machache.

Lugha yake tuliitengeneza uani, na hakuna aliyekaa chini akasema sasa tutengeneze lugha. Kazi ya wanawake wa nyumba yetu ilikuwa kusuka ukili, ile mishipi mirefu inayoshonwa kuwa mikeka. Jamaa zetu wa Fukayosi walituletea ukindu, majani ya mkindu, tukauanika, tukauchana, tukautia rangi, kisha tukakaa kutwa tunasuka: mama, bibi, shangazi na mimi. Sasa, msusi hana mkono wa kuazima. Ukiachia, ukili unalegea na mkeka unakuja na mawimbi. Kwa hiyo mambo mengi tulimwambia kwa uso. Kupandisha nyusi ni ndiyo. Kubetua mdomo kuelekea mlangoni ni kuna mgeni, na kuubetua hivyo hivyo huku jicho moja likifumba ni kuna mgeni na hatumtaki. Yeye ambaye mikono yake ilikuwa huru alitujibu kwa vidole, mabega, shingo, mwili mzima.

Kila mtu alipewa jina. Baba alikuwa ndevu: mkono unashika kidevu na kuteremka. Mama alikuwa kipini cha puani. Mimi nilitamani nipewe jina la nywele zangu, maana zilikuwa ndefu na nilijisifu nazo, lakini mdogo wangu alinipa jina la kovu lililo juu ya unyusi wangu, na jina likishatolewa halirudishwi. Hata leo nikijitazama kwenye kioo cha kwanza ninachokiona ni kovu.

Watu hudhani ishara ni kuonyesha tu vitu: chakula hiki, maji yale. Waje waniulize mimi. Siku moja samaki aliyekaangwa alitoweka, na mdogo wangu, bado mdogo kabisa, akatueleza kwamba paka alipanda dirishani, akatazama kushoto na kulia, akamchukua samaki, kisha akafuta mdomo. Paka gani anafuta mdomo? Mama alimchapa kofi la matako, lakini mimi nilijawa na furaha, kwa sababu mtoto anayeweza kutunga uongo wenye mwanzo na mwisho ana lugha kamili. Hakuwa na upungufu wowote. Upungufu ulikuwa wetu sisi wengine, kwani nje ya ule ua watu waliomwelewa walikuwa wa kuhesabika kwa vidole.

Baba hakuwa miongoni mwao, na hilo halikuwa kosa lake peke yake. Wanaume wa mji wetu hawakai uani. Yeye maisha yake yalikuwa msikitini, dukani kwake, kwenye magunia ya mbata na chumvi, na barazani na wenzake. Akimtaka mdogo wangu alipiga kisigino sakafuni, mtoto akahisi mtikisiko miguuni, akageuka, na baba akamfanyia mojawapo ya ishara zake tatu: njoo, kula, vizuri. Zilimtosha kumpenda, na alimpenda kweli. Hazikutosha kuzungumza naye. Nadhani alijua. Alikuwa akiniambia, “Mwanangu, mimi nataka neno moja tu kutoka kwake kabla sijafa.” Neno lenyewe hakulitaja, na hakuna aliyehitaji kuuliza.

Mashine ya kusikilizia ilifika mdogo wangu alipokuwa amekwishavunja ungo, mimi nikiwa nimeolewa na nina mtoto wangu wa kwanza mgongoni. Baba aliipata kwa Mhindi mmoja muuza saa wa Dar es Salaam aliyemwagizia kutoka Ulaya. Ilikuwa kisanduku cha ukubwa wa kijaluba cha tambuu, chenye betri, na waya uliotoka humo ukaishia kwenye kidude cha kuziba sikio. Kisanduku kilivaliwa kifuani. Shangazi, ambaye hakuacha kitu kipite bila kukipa jina, alikiita redio ya maziwa, kwa kuwa kililala juu ya matiti.

Siku ya kwanza mtaa mzima ulijaa uani kwetu. Baba alimvalisha mwenyewe, akazungusha kitufe chake kidogo kidogo. Kisha bibi akagonga chungu na kijiko. Mdogo wangu akashtuka, akageuza kichwa, akalishika sikio. Wanawake wakapiga vigelegele, naye vigelegele vikamwingia vyote kwa pamoja, akaichomoa ile mashine na kulia.

Basi kusikia alisikia. Alisikia kitu. Jioni aliponieleza, alipiga ngumi kwenye kiganja mara nyingi, kisha akasugua viganja kwa nguvu, kisha akatikisa kichwa. Nilimwelewa hivi: kishindo, mkwaruzo, kishindo, na vyote vinafanana. Mbuzi, bibi yake na lori la mbata, vyote vilikuwa mkwaruzo. Alianza kupenda sauti ya kinu, kwa sababu ilikuja kwa mpango. Sauti za watu hazikumpa raha.

Baba alianza kumsomesha. Kila siku baada ya alasiri alifunga duka, akaja kukaa uani penye wanawake, jambo ambalo halikuwahi kutokea, akamweka mbele yake na kumwambia “ba-ba.” Aliuweka mkono wa mtoto kooni mwake ausikie mtetemo. Alisema mpaka sauti ikamkauka. Na kila mara mtoto alipojaribu kufumba na kufumbua midomo, alimpa kipande cha halua. Siku sauti ilipotoka, ilitoka nzito, ya puani, lakini ilitoka: “Baba.” Mzee aliinuka, akaenda kusimama ukutani akitupa mgongo. Mabega yalikuwa yanamtikisika. Sisi nasi tukalia, na kwa muda nyumba yetu ikawa kama nyumba ya Idi.

Siku chache baadaye nilikwenda sokoni na mdogo wangu. Tulipopita kwa muuza halua alisimama, akaliangalia sinia, akafungua mdomo, na mbele ya watu wote akasema kwa sauti yake yote, “Baba!” Muuza halua alikuwa kijana hajaoa. Watu walicheka wakashikana mbavu, na mdogo wangu akacheka nao kwa kuwa alipewa kipande bure. Mimi nilijikaza nikacheka pia, lakini nilirudi nyumbani na huzuni. Yule mtu mwenye ndevu alikuwa na jina lake tangu zamani, na mdogo wangu hakuona sababu ya kumpa jingine. Kile kishindo cha midomo kilikuwa ni cha kuombea halua.

Siku hizi naona watoto wadogo, wengine hata kutambaa bado, wamevaa vifaa vidogo nyuma ya masikio, na mama zao wamekaa nao wanasema nao, wanasubiri wajibu, wanasema tena. Naona wengine wanasema nao kwa mikono huku kifaa kikiwa sikioni, na hao ndio wanaonifurahisha zaidi. Mimi si mtu wa kuchukia mashine. Ninachokataa ni kule kudhani kwamba mashine inakuja na maneno ndani yake, mtu anaifungua kama kopo la samli. Maneno hutoka kwa mtu anayekutazama na kutaka kujua unachosema. Mdogo wangu alikuwa na watu hao, wachache, na kwa bahati mbaya ilikuwa rahisi kuwasahau baada ya ile mashine kuja.

Maana posa ilifuata muda si mrefu. Habari ilikuwa imeenea pwani yote kwamba binti wa muuza chumvi amepona na anasema. Watu walioleta posa walikuwa wa Pangani, familia ya biashara, wenye heshima zao. Kijana mwenyewe sina neno baya juu yake. Wakaja mama yake na dada zake kumwangalia mchumba. Mama mtu akaketi, akamwinamia mdogo wangu kifuani kama anayenusa, akakipigia kelele kile kisanduku: “Hujambo mwanangu!” Mdogo wangu akaruka. Wageni wakatabasamu, wakaambiana, “Anasikia, anasikia.” Muda wote waliokaa walizungumza na kisanduku. Hakuna aliyemtazama usoni kwa kitambo cha kutosha mtu kupandisha nyusi.

Walipoondoka mdogo wangu aliniuliza wale watu wanakaa wapi. Nikamwambia mbali, huko kaskazini, siku ya kwenda na siku ya kurudi. Akaniuliza huko kuna nani. Nikamwonyesha: mama mkwe, mawifi, mume. Akauliza mama yetu atakwenda? Hapana. Bibi? Hapana. Wewe kovu? Hapana, mimi nina mume na mtoto hapa. Akakaa akifikiri, kisha akaniuliza: nani atasema na mimi?

Nilimpelekea mama swali hilo kama lilivyo. Mama aliacha kusuka. Nilimwona limemwingia. Lakini naye alikuwa ameshamwahidi baba, na baba alikuwa ameshawaitikia wazee wa Pangani, na binti kiziwi kupata mume wa nyumba nzuri lilikuwa jambo ambalo watu walimpongeza nalo njiani. “Mwambie baba yako,” akanijibu. Nikamwambia baba. Nilimwamkia, “Shikamoo baba,” akaitika, “Marahaba mwanangu,” nikamweleza kila kitu. Alinisikiliza kwa upole kabisa. Akasema, “Zamani ningeogopa. Sasa ana mashine. Atajifunza maneno yao huko huko. Na tutamuuliza, kama wanavyoulizwa wanawali wote. Simwozi mtu bila kumuuliza.”

Hapo ndipo nilipoingiwa na hofu ya kweli. Kwetu mwanamwali huulizwa siku ya nikaha. Sheikh huingia ndani na walii, yaani baba au mlezi wake, na mashahidi, humuuliza kama ameridhika kuozwa fulani, na kwa kuwa mwanamwali ana haya, hahitaji kutamka. Akinyamaza, ameridhika. Kabla ya mashine, sheikh yeyote angesema huyu kiziwi, mtafuteni anayejua ishara zake. Lakini sasa mtu angemuuliza kwa mdomo, yeye akiwa amevaa kisanduku chake kifuani, mbele ya watu wanaoamini kwamba anasikia. Angeketi tu, kama alivyoketi maisha yake yote watu wakipiga domo juu ya kichwa chake, na hapo angekuwa mke wa mtu Pangani.

Siku ya kuamkia nikaha nikamweleza. Nilihakikisha ameelewa: kesho wanaume wataingia, midomo yao itakwenda, na ukikaa hivi hivi bila kufanya kitu, umekubali. Aliniangalia kama nimerukwa na akili. Akaniuliza, wanawake wote wanafanyiwa hivyo? Nikapandisha nyusi. Akacheka, cheko lake lile la kukwaruza, akasema kwa mikono: basi mimi nimekubali kila kitu tangu nizaliwe.

Siku ya nikaha ilikuwa baada ya sala ya alasiri. Barazani pamejaa wanaume wa mjini na wageni wa Pangani, nyuma ya nyumba masufuria ya pilau yamefunikwa makaa, na wanawake wamebanana chumbani mpaka hewa imekuwa nzito ya udi na asumini. Mdogo wangu aliketi kitandani amefunikwa kanga mpya kutoka kichwani hadi miguuni. Mikono yake iliyopakwa hina ilikuwa ndani ya kanga. Somo wake aliyemfunda alikuwa ameketi upande mmoja, ameushika mkono wake juu ya nguo asiharibu hina, na mimi nilikuwa upande wa pili. Mikono imefunikwa, uso umefunikwa. Bi harusi yeyote hukaa hivyo, na hakuna aliyekusudia ubaya, lakini mimi niliona amezibwa kinywa.

Wakaingia: sheikh, baba, na mashahidi wawili. Sheikh alikuwa mtu mzima aliyenisomesha Kurani mimi na nusu ya mji. Alisimama mlangoni, akatoa salamu, akamuuliza kwa sauti kubwa na ya taratibu, kwa sababu ya ile mashine, kama ameridhika baba yake amwoze kijana huyu, kwa mahari haya. Pakawa kimya. Akarudia. Kimya. Shahidi mmoja akasema, “Amenyamaza. Alhamdulillahi,” na wanawake nyuma yangu wakaanza kuvuta pumzi za vigelegele.

Nilimgusa goti. Hilo tu ndilo nililofanya, nilimgusa goti ajue kwamba ameulizwa.

Akauchomoa mkono wake kutoka kwa somo. Akaifunua kanga, uso ukatoka, na wanawake wakasema “Haa!” kwa pamoja. Akatoa kile kidude sikioni, akavua kisanduku, akauzungusha waya vizuri kama alivyofundishwa, akamnyooshea baba. Baba akapokea, sidhani kama alijua anapokea nini. Shahidi akasema, “Mfunikeni huyo,” lakini sheikh akainua mkono. “Subirini,” akasema. “Kama hasikii, basi hajaulizwa. Na mwenye ishara zinazofahamika, ishara yake ndiyo kauli yake. Nani hapa anazijua ishara zake?”

Wote wakanitazama mimi. Nikahamia mbele yake, nikamuuliza kwa lugha yetu, polepole, bila kupunguza wala kuongeza: unamtaka mtu huyu, uende kwake, ukae huko?

Hakunijibu mimi. Alimgeukia baba. Akashika kidevu chake akateremsha mkono, jina la baba. Akajigusa kifua. Akaonyesha mbali, kaskazini. Kisha akaketi mbele ya watu wote akageuza uso kulia, akafanya ishara ya kusema na mtu, akangoja. Akageuza kushoto, akasema na mtu mwingine, akangoja. Na pande zote mbili hakuna aliyemjibu, mpaka mikono ikachoka, ikalala magotini. Kisha akaiinua tena, akafanya vile tunavyofanya tukikuta ukindu umeoza katikati ya ukili: akauchomoa na kuutupa kando.

“Amesemaje?” sheikh akaniuliza.

Nilifungua mdomo. Nje nilisikia mtu akicheka barazani na mwingine akiulizia maji ya kunawa. Nilifikiria aibu ya wazee waliotoka Pangani, nikamfikiria mama, na ulimi wangu, ambao hata leo watoto wangu wanausema, ulikataa kunyanyuka.

“Usimuulize huyo,” baba akasema. Alikuwa bado anamtazama mdogo wangu, na sidhani kama alikuwa amepepesa macho tangu mikono ile ilipoanza. “Amekataa. Anasema huko hana wa kuzungumza naye. Nimemsikia.”

Akamkabidhi shahidi kile kisanduku, akatengeneza kofia yake kichwani, akatoka kwenda barazani kuwaambia wageni.